Kipimo Kikisema Hapana

Mtoto akivimba tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, na homa ikawa imemshika kwa wiki ya tatu, swali la kwanza katika zahanati yoyote ya Kitui au Makueni huwa ni malaria. Ni swali la haki. Malaria ipo, dawa yake ipo, na kipimo chake kimeenea. Lakini kama malaria imepimwa na haikuonekana, au imetibiwa na homa haikukoma, kuna ugonjwa mwingine unaopaswa kutajwa kwa jina siku hiyo hiyo, kwa sababu usipotibiwa huua karibu kila anayeugua. Ugonjwa huo ni kala-azar.

Ukambani haukuanza kuujua jana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopiga kambi kaskazini mwa Ziwa Turkana, ambalo enzi hizo liliitwa Rudolf, waliugua kala-azar. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mlipuko mkubwa uliikumba wilaya ya Kitui, hasa pande za Tseikuru, na wako wataalamu waliodhani kwamba ugonjwa ulifuata nyayo za wanajeshi waliorudi nyumbani. Baadaye mlipuko mwingine ukatokea Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi ilipogawanywa mwaka 1992. Wazee wa maeneo haya wanakumbuka watu waliokonda mpaka mbavu zikahesabika huku tumbo likizidi kujaa.

Anayesababisha yote hayo ni kimelea wa seli moja, Leishmania donovani, aliyepewa jina la madaktari wawili, William Leishman na Charles Donovan, walioandika habari zake mwaka 1903. Anaingia mwilini kwa kuumwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, asiyevuma sikioni. Kimelea hujificha ndani ya seli zilezile zinazotegemewa kumla, katika wengu (wengine huita bandama), katika ini na katika uboho wa mifupa. Wengu huvimba, damu hupungua, kinga hudhoofika, na mara nyingi mgonjwa humalizwa na nimonia, kuhara au kutokwa na damu, hata cheti cha kifo kikaandika jambo jingine kabisa.

Usubi wa huku kwetu, Phlebotomus martini, hupenda vichuguu. Nje ardhi imekauka na jua linachoma. Ndani ya mashimo ya kichuguu cha mchwa kuna unyevu na ubaridi. Mchana hujificha humo, jioni hutoka. B. A. Southgate na B. V. E. Oriedo, walioandika mfululizo wa makala kuhusu kala-azar ya Kitui katika miaka ya 1960, waliona kwamba wagonjwa walipatikana zaidi karibu na vichuguu. Mkamba hahitaji kuelezwa thome ni nini: ni pale nje ya boma ambapo wanaume hukaa jioni, moto umewashwa, mashauri yanasikilizwa na vijana wanafundishwa adabu. Kichuguu kikiwa hatua chache kutoka hapo, usubi hana safari ndefu.

Nimeanza na mdudu na mahali kwa sababu nusu ya utambuzi wa kala-azar iko hapo, kabla hata tone la damu halijatolewa. Nusu nyingine ndiyo habari yenyewe ya makala haya: jinsi wanasayansi walivyojifunza kutumia vipande vya kimelea ili kumfichua, na kwa nini ujuzi huo, pamoja na uzuri wake wote, bado una mwanya ambao mtoto wa Mutomo au Kibwezi anaweza kupotelea.

Njia ya zamani na ya uhakika zaidi ni kumwona kimelea kwa macho. Daktari huchoma sindano ndani ya wengu, huvuta majimaji kidogo kwa muda usiofika hata sekunde moja, hupaka kwenye kioo, hutia rangi na kutazama kwa hadubini. Kipimo hiki kina deni kwa Kenya. Mwaka 1983 Jeffrey Chulay na Anthony Bryceson, waliokuwa wakishughulika na wagonjwa wa Kenya, walichapisha namna ya kuhesabu vimelea hao kwa ngazi, kutoka sifuri hadi 6. Ngazi ya kwanza ni vimelea 1 hadi 10 katika kutazama maeneo 1000 ya hadubini. Ngazi ya sita ni zaidi ya 100 katika eneo moja tu. Ngazi hizo hutumika hadi leo duniani kote. Lakini wengu umejaa damu, na sindano ikikosea au mtoto akijitingisha, damu inaweza kuvujia ndani ya tumbo. Hutokea mara chache, takriban mara moja katika kila 1000, ila hiyo moja huweza kuua. Ndiyo maana kazi hiyo hufanywa hospitalini tu, na mtu aliyeifanya mara nyingi, na mgonjwa akabaki amelala chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Zahanati ya kijijini haiwezi, na haipaswi kujaribu.

Ikabidi kutafuta njia ya kuuliza damu badala ya wengu. Mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili, protini zinazoshika sehemu fulani za mvamizi. Sehemu hiyo inayoshikwa ndiyo antijeni. Ifikirie kama chapa ya ng'ombe: mfugaji akimwona ng'ombe wa mbali, hasomi ukoo wake, anatazama chapa ubavuni na kujua mara moja ni wa nani. Kingamwili nazo husoma chapa. Kwa hiyo ukiwa na chapa ya kimelea mkononi, hata kama kimelea mwenyewe hujampata, unaweza kuionyesha damu ya mgonjwa na kutazama kama ndani yake kuna kingamwili zinazoitambua.

Kitui ilikuwa mapema katika kazi hii. P. E. C. Manson-Bahr na Southgate walitumia leishmanini, yaani vimelea waliouawa na kudungwa kiasi kidogo sana ndani ya ngozi ya mkono. Siku mbili tatu baadaye waliitazama ngozi: je, pameota uvimbe mgumu? Jibu lilikuwa na funzo. Mgonjwa mwenyewe, ambaye wengu wake umefurika vimelea, ngozi yake hunyamaza. Anayejibu ni aliyepona, pamoja na watu ambao kimelea aliwahi kuwaingia lakini hawakuugua kamwe. Maana yake, si kila aliyeumwa na usubi mwenye vimelea hufika kitandani. Wengine mwili huumaliza mchezo kimya kimya. Maana yake pia, mwili una kumbukumbu za aina mbalimbali, na mtu anayepima lazima ajue anauliza kumbukumbu ipi. Seli za mgonjwa wa kala-azar zimelala, huku damu yake ikiwa imejaa kingamwili zisizoweza kumwokoa. Hizo kingamwili zisizomfaa mgonjwa ndizo zinazomfaa mpimaji.

Katika miaka ya 1980 Abdallah el Harith, mtafiti mwenye asili ya Sudan aliyefanya kazi Uholanzi, alitengeneza kipimo kinachotumia vimelea wazima waliouawa na kutiwa rangi. Damu ya mgonjwa huchanganywa nao katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki. Kingamwili zikiwamo, vimelea hugandamana. Ni kipimo kizuri kwa Afrika Mashariki, na hospitali kubwa bado hukitegemea. Kasoro yake ni muda na ujuzi: kipimo kinalala usiku kucha, na anayekisoma lazima awe amefundishwa. Mama aliyetembea kutoka mbali, mtoto mgongoni, hawezi kila mara kungoja mpaka kesho.

Hapo ndipo Amerika Kusini inapoingia. Mwaka 1993 James Burns, Steven Reed na wenzao walitangaza protini waliyoipata kwa Leishmania chagasi, jina lililotumika kwa kimelea wa kala-azar wa Amerika Kusini, ambaye siku hizi wengi humhesabu kuwa Leishmania infantum. Ndani ya protini hiyo kuna kipande cha asidi amino 39 kinachojirudia tena na tena. Chapa moja imepigwa mara nyingi juu ya ng'ombe mmoja. Kingamwili haziwezi kuikosa. Walitengeneza kipande hicho maabara kwa kutumia bakteria, wakakiita rK39. Faida kubwa ya kutumia kipande kimoja badala ya kimelea mzima ni kwamba ndugu za kimelea huyo hawajichomeki kwa urahisi katika jibu.

Na ndugu anao. Mmoja ni Trypanosoma cruzi, anayesababisha ugonjwa wa Chagas, ambao daktari Mbrazili Carlos Chagas aliutangaza mwaka 1909. Hapa kwetu haupo. Ni wa bara la Amerika, unaenezwa na wadudu wanyonyao damu wanaojificha katika nyufa za kuta. Lakini madaktari wa huko walilazimika kujifunza jambo tunalolihitaji Ukambani. Katika Chagas ya muda mrefu vimelea huwa wachache mno katika damu, hivyo ugonjwa hutafutwa kwa antijeni: damu ya mtu huonyeshwa vipande vya kimelea, na kingamwili hutazamwa. Kwa kuwa kipimo kimoja kinaweza kukosea, kanuni yao ni kwamba vipimo viwili vya namna tofauti sharti vikubaliane. Vikipingana, hufanywa cha tatu. Hawakubali maisha ya mtu yaamuliwe na mstari mmoja.

Sasa tazama kipimo cha rK39 chenyewe kinavyofanya kazi. Ni ukanda mwembamba, mfupi kuliko kidole. Mtaalamu wa maabara huchoma ncha ya kidole, au hutumia majimaji yaliyotenganishwa na damu, kulingana na aina ya kipimo. Huweka tone moja, huongeza matone ya dawa ya kusafirishia, kisha hungoja kati ya dakika 10 na 20 hivi. Damu hupanda ukandani ikikutana na chembechembe ndogo mno za dhahabu zilizopakwa protini inayonasa kingamwili. Zinasafiri pamoja. Mbele kuna mstari usioonekana wa rK39 uliogandishwa ukandani. Kama kingamwili zinaitambua chapa, hunata hapo na dhahabu nayo hunata, na macho yako yanaona mstari mwekundu ukichipuka pale ambapo hapakuwa na kitu. Mstari wa pili, wa juu zaidi, huthibitisha kwamba ukanda wenyewe ni mzima. Mistari miwili ni ndiyo. Mmoja wa juu peke yake ni hapana. Wa juu usipotokea, kipimo kimeharibika na lazima kirudiwe. Na mstari uliofifia, hata ukiwa mwembamba kiasi cha kukutia shaka, nao ni ndiyo. Watu wamewahi kuupuuza mstari uliofifia, usiruhusu.

Hakuna umeme unaohitajika wala friji ya gharama. Kwa nchi ya vichuguu na barabara za vumbi, hilo ni jambo kubwa, na sipendi mtu alidharau.

Ila namba zinatutaka tuwe macho. Mwaka 2014 Marleen Boelaert na wenzake walikusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzipima pamoja. Katika bara Hindi, kati ya wagonjwa 100 wa kweli, vipimo vya rK39 viliwatambua 97. Afrika Mashariki viliwatambua 85. Yaani katika kila wagonjwa 100 wa kwetu, 15 wanaambiwa hapana, na hapana hiyo ni ya uongo. Tofauti hii haikuletwa na uzembe wa wapimaji wetu. Wagonjwa wa Sudan waliolinganishwa na wa India walikuwa na kiasi kidogo zaidi cha kingamwili hizi katika damu. Tena, vimelea wa Afrika Mashariki wana tofauti zao katika kile kipande kinachojirudia. Chapa ni ya ukoo uleule, lakini imepigwa kwa mkono mwingine. Ukanda uliotengenezwa kwa kimelea wa mbali unaisoma damu yetu kwa shida kidogo.

Watafiti hawakukaa kimya. Mwaka 2010 ilichapishwa protini nyingine, rK28, iliyoungwa kwa vipande vya jeni za Leishmania donovani mwenyewe, na ilijaribiwa kwa damu za wagonjwa wa Sudan na Bangladesh. Hiyo ndiyo njia sahihi: antijeni ichukuliwe kwa kimelea wa mahali anapoishi mgonjwa. Ningependa kuona damu za wagonjwa wa Kitui na Makueni zikihesabiwa kikamilifu katika majaribio ya namna hiyo, kwa sababu kazi nyingi za Kenya hufanyika Baringo na Pokot Magharibi, ambako wagonjwa ni wengi zaidi, na maeneo yenye wagonjwa wachache husahaulika upesi.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Uchambuzi ule wa 2014 ulionyesha kwamba Afrika Mashariki, kati ya watu 100 wasio na kala-azar, 9 hivi huonyesha mistari miwili. Tuseme kituo cha afya kimepima watu 1000 waliokuja na homa ya kawaida, na kati yao 10 tu ndio wana kala-azar. Ukanda utawapata 8 au 9 wa kweli, na utawataja karibu 90 wasio nayo. Hao 90 wakianzishwa tiba, wataumizwa bure. Ndiyo maana kipimo hakifanywi kwa kila mwenye homa. Hufanywa kwa mtu mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili, ambaye malaria yake imeshapimwa, na ambaye wengu umevimba au mwili umekonda. Katika kundi hilo dogo, ndiyo ya ukanda ina uzito.

Tena kingamwili hudumu. Mtu akitibiwa na kupona, damu yake huendelea kuitambua chapa kwa miezi, mara nyingi kwa miaka. Kwa hiyo ukanda haufai kuulizwa kama mtu amepona, wala kama ugonjwa umemrudia. Anayehisi dalili tena lazima aseme wazi, "Niliwahi kutibiwa kala-azar," ili daktari amtafute kimelea mwenyewe kwenye wengu au uboho. Na kwa mwenye VVU, ambaye kinga yake haina nguvu za kutengeneza kingamwili za kutosha, hapana ya ukanda haina thamani kubwa. Mtu huyo asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mstari mmoja.

Wako waliojaribu kugeuza mambo: badala ya kutumia antijeni kutafuta kingamwili, watafute antijeni yenyewe inayotoka kwa mgonjwa. Kipimo cha KAtex hufanya hivyo kwa mkojo. Mkojo huchemshwa kwanza, kisha tone lake huchanganywa kwenye kioo na chembe za mpira zilizopakwa kingamwili. Antijeni ya kimelea ikiwamo, chembe hugandamana. Uzuri wake ni kwamba antijeni ni mali ya kimelea aliye hai mwilini leo; akifa, hukoma kutoka. Hiyo ingetupa jibu la nani amepona, jibu ambalo ukanda wa damu hauwezi kulitoa. Kwa sasa, katika uchambuzi uleule, kilitambua wagonjwa 64 hivi kati ya 100. Hakitoshi kusimama peke yake. Lakini wazo ni sahihi, na naamini kipimo kitakachotufaa siku zijazo kitatoka upande huo.

Kwa nini nalisisitiza hili la kupima kwa makini? Kwa sababu tiba si ya mzaha. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa Afrika Mashariki sindano za dawa mbili, sodiamu stibogluconate na paromomycin, kila siku kwa siku 17. Sindano hizo zinauma sana, na stibogluconate huweza kuudhuru moyo na kongosho. Ni nafuu ukilinganisha na siku 30 za zamani, na ushirikiano wa utafiti wa LEAP, ulioanzishwa Khartoum mwaka 2003 na ambao KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ni mshiriki wake, ndio uliofanya majaribio yaliyoleta nafuu hiyo. Hata hivyo, mzazi anayekaa wodini siku 17 ameacha shamba, mbuzi na watoto wengine nyumbani. Usimpeleke huko kwa kosa, na usimnyime huko kwa kosa.

Mwaka 2023 Bangladesh ilithibitishwa kuwa nchi ya kwanza duniani kuikomesha kala-azar kama tatizo la afya ya umma. Walikuwa na ukanda uleule wa rK39. Kilichowasaidia pia ni kwamba wagonjwa walitafutwa mapema hadi majumbani, na wakatibiwa karibu na kwao. Sisi tunao wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kutoka Tseikuru hadi Mtito Andei. Wakifundishwa kupapasa chini ya mbavu za kushoto na kuuliza swali moja, "Mama, homa hii ilianza lini?", watawafikia wagonjwa kabla ukanda haujatolewa kwenye pakiti.

Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zihakikishe ukanda upo katika hospitali zao, na hatua zinazoufuata ukanda ziwepo pia: njia ya kupeleka damu kwa kipimo cha el Harith, na daktari anayejua kuchoma wengu au uboho kwa usalama. Na wewe msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili, anayekonda, tumbo limejaa upande wa kushoto, na malaria haikuonekana, mwambie daktari unakaa wapi na kama kuna vichuguu karibu, kisha uombe kipimo cha kala-azar kwa jina lake. Wakikuambia hapana na dalili hazijaondoka, usikubali kurudi nyumbani. Omba kipimo cha pili.